Mpini Aliouchonga Mbonea

Kifuniko cha sufuria ya makande kilikuwa kikigongagonga gizani, maana umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Mjukuu mmoja akamwambia wifi yake, aliyeolewa hapo mwezi uliopita, aache kuchambua mboga, akae kama mgeni.

"Aliyepewa jembe si mgeni," akasema Bibi Naetwe.

Wajukuu wakamuuliza neno hilo kalitoa wapi. Bibi akasogeza kuni, akaanza kusimulia. Methali hii, wanangu, ilizaliwa mahakamani, watu wakisikia.

Huku huku kwetu Upareni aliishi mama mmoja, Nakijwa. Mumewe, Sangiwa, alipomwoa hakuwa na kitu ila kichaka. Wakakifyeka wote wawili, wakapanga mawe ya matuta, wakapanda tangawizi na migomba, wakajenga nyumba. Mwaka wa kumi na mbili Sangiwa akafariki, akamwachia binti wa miaka sita, Namkunda.

Matanga hayajapoa, Mbonea, mdogo wake marehemu, akafika. "Shemeji, funga virago urudi kwenu. Shamba ni la ukoo."

Nakijwa hakubishana naye uani. Kesho yake aliteremka hadi mahakama ya mwanzo. Wanawake wenzake wakamwonya njiani, "We mama Namkunda, ukimshtaki shemeji yako, nani atakuzika?"

"Kwanza niishi," akajibu. "Kuzikwa kutafuata."

Siku ya kesi ikafika. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka na mtu. Mbonea naye alikuwa msemaji. Kwenye vikao vya ukoo hakuna aliyempata kwa methali. Akaapa, akasafisha koo.

"Mheshimiwa, huyu kwao ni kwa baba yake. Hapa alikuja tu kuolewa. Na wahenga walishasema, mgeni siku mbili."

Hakimu akaacha kuandika. "Endelea."

"Nimemaliza, Mheshimiwa."

"Wewe umemaliza, methali bado. Siku ya tatu je?"

Mbonea akatazama dari. Nyuma watu wakaanza kuguna.

"Siku ya tatu... mpe jembe."

"Huyu alipewa?"

"Alipewa."

"Na nani?"

"Na mama yangu mzazi." Alikuwa ameapa, afanyeje? "Mpini nilichonga mimi."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata karani akainamia mafaili yake. Hakimu akasubiri patulie, akamuuliza Nakijwa kama ana la kusema. Nakijwa akasimama.

"Shemeji, ulichonga mpini mzuri, nimeushika miaka kumi na miwili. Tulipofyeka hukuniita mgeni. Tulipopanga mawe hukuniita mgeni. Leo tangawizi imestawi ndipo nimekuwa mgeni? Aliyepewa jembe si mgeni."

Hukumu ilisomwa juma lililofuata. Hakimu alisema wazi kwamba hakuamua kwa methali, aliamua kwa sheria: mali ambayo mke ameichuma pamoja na mumewe ina jasho lake ndani, na jasho hilo ni haki yake, na binti ni mrithi wa baba yake sawa na mtoto wa kiume. Nyumba na shamba vikabaki kwa Nakijwa na mwanawe. Wenzake, wale wale wa "nani atakuzika", wakampandisha mlima kwa vigelegele, na kila kitongoji walichopita waliliacha lile neno, mpaka likawa la wote: aliyepewa jembe si mgeni.

Jioni ile Mbonea akaja, kofia mkononi. Akasimama uani, hajui abishe hodi au arudi alikotoka. Namkunda akamfungulia mlango.

"Karibu kwetu, baba mdogo," akasema.