Vichwa Kumi na Viwili

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Mwenye nia ya kulima hushika lililopo akaingia shambani. Anayechagua hubaki akipima mipini hata mvua zikampita. Maneno hayo yalimfika Larissa katikati ya jiji la Durban, pasipo jembe wala shamba.

Larissa alikuwa msusi katika saluni ya Mama Diane, Mkongomani mwenzake, karibu na soko la Warwick Junction. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mfumaji, lakini macho yake ndiyo yaliyoota ndoto. Kila aliposuka aliona picha: mwanga wa asubuhi ukiteleza juu ya mistari ya nywele kama maji juu ya mawe, shingo ya mteja iking'aa kwa mafuta. Alitamani kamera ya DSLR, ile kubwa ya kubadilishwa lenzi, kwa maana simu yake iliugeuza mwanga ule kuwa ukungu.

Siku moja Mama Diane alisimama mbele ya ubao wa mitindo uliotundikwa mlangoni. Picha zake zilikuwa zimekatwa magazetini, zimepauka kwa jua.

"Hawa watu hata hatuwajui," alisema. "Mi nataka vichwa vyenye tunasuka sisi. Kumi na viwili, mbele ya Krismasi. Larissa, maman, wewe ndiye utapiga picha. Nitakulipa, na bibi harusi wote nitawatuma kwako uwapige picha. Nakupa wiki mbili."

Moyo wa Larissa ulipaa kama tiara. Jioni ileile alikwenda kwa Shafiek, muuzaji wa kamera zilizotumika, mzaliwa wa Durban aliyerithi Kiswahili kwa bibi yake. Shafiek alimwekea mezani kamera kuukuu iliyokwaruzika, mpira wa mshikio umebanduka na kufungwa kwa utepe mweusi.

"Hii rand two thousand five hundred, mwanangu. Sura mbaya, jicho zima."

Larissa alichungulia. Kioo kilikuwa angavu kweli. "Lakini anko, wateja wakiiona watasema nimeiokota."

"Wateja watatazama picha."

"Nitarudi."

Alirudi, siku tatu mfululizo. Hii aliiona nzito, ile skrini yake ndogo, na nyingine ilizidi akiba yake. Akiba hiyo ilitosha kamera moja tu, naye aliogopa kukosea. Nyumbani alitazama video za kulinganisha kamera huku akimnyonyesha mwanawe. Mtoto alilala, mama aliendelea kuota. Picha alizopiga akilini hazikuwa na dosari hata moja.

Peguy, kinyozi wa palepale saluni, aliyemwita "ya", yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao, alimchokoza. "Ya Larissa, kitana chako iko na meno ngapi?"

"Hesabu mwenyewe."

"Mi naona nusu imeanguka, na bado unasukia nayo bibi harusi. Kamera ndiyo unataka yenye meno yote?"

Wasusi wakaangua kicheko, Larissa naye akacheka. "Wiki ijayo Anko Shafiek anapata mzigo mpya," alisema, akaendelea kusuka.

Wiki mbili zikayeyuka kama barafu juani. Siku ya mwisho ilipowadia, Mama Diane alimwita.

"Maman, sijaona hata kichwa kimoja. Nimemwambia Peguy apige."

Peguy alikuwa ameishika ile kamera yenye utepe mweusi. "Nilimuuliza Anko Shafiek kama ulimwambia akuwekee," alisema, bila kumtazama usoni. "Akasema hapana, nikainunua." Kisha akavuta kiti. "Kaa basi, ya Larissa. Nywele zako ndizo zimesukwa vizuri kushinda zote humu. Nianze na wewe."

Alikaa, mgongo kwa kamera, uso kwa dirisha. Mwanga aliouota ulimpanda begani, ukatambaa kisogoni. Nyuma yake kamera ikalia mara moja, taratibu.

Peguy alimwonyesha skrini. Kila mstari wa nywele ulionekana, na malaika, vile vinyweleo laini vya shingoni, yaliwaka kama nyasi za alfajiri. Ilikuwa picha yake yeye, aliyoibeba akilini miezi yote, imepigwa na mwingine.

"Iko sawa?" Peguy aliuliza kwa wasiwasi.

"Iko muzuri," Larissa alijibu. "Jumapili utaniazima?"

"Chukua. Lakini upige, usikae unaiangalia tu."

Kichwa kile kilibandikwa juu kabisa ya ubao, na chini yake jina la Peguy na namba yake ya simu. Kila asubuhi Larissa alipoingia alilisoma jina hilo polepole, naye akakubali kwamba mchagua jembe si mkulima.