Fungu la Asiyeitika

Wametusimulia waliotutangulia, Allah awarehemu, kwamba chini ya milima ya mpakani palikuwa na mji, na katika mji huo mchinjaji mcha Mungu aitwaye Hafsi bin Anbari. Kila Idi ya kuchinja ndiye aliyewachinja kondoo wa mji mzima pale uwanja wa sala, na hakuchukua hata ngozi kuwa ujira.

Mwaka huo vijana wa mji walikuwa milimani wakiulinda mpaka, mwaka wa pili sasa, na Idi iliwakuta huko huko. Khatibu, Sheikh Mughira, aliwaombea dua. Na dua gani! Alilia mpaka ndevu zikalowa, na watu wakaitikia amina uwanja mzima ukavuma. Kisha wakaingia kuchinja na kugawa nyama.

Sasa isikilizeni desturi ya watu wale, maana hapa ndipo damu inapochemka. Nyama ilikatwa mafungu, na khatibu akaita majina ya wenye nyumba, mmoja mmoja. Aliyeitwa alisema "Nipo", akachukua chake. Aliyeitwa mara tatu asiitike, fungu lake lilirudi lunduni, na lundo likagawanywa upya kwa waliopo. Na walioko mpakani je? Nao waliitwa! Waliitwa kwa heshima zote, jina na jina la baba, pakawa kimya, na khatibu akasema, "Hayupo. Allah amrejeshe salama." Amina! Fungu likarudi lunduni. Ndivyo walivyowaenzi askari wao, ndugu zangu, kwa kula fungu la watoto wao. Subhanallah!

Nyuma ya safu za wanawake alisimama Lubaba, mke wa Jundabu, na kapu tupu mkononi. Nyumbani alikuwa na watoto watatu na mama mkwe kipofu. Fungu la Idi ndilo walilolikausha kwa chumvi wakalila kidogo kidogo mpaka baridi ipite. Idi iliyopita walilikosa, na baridi ile ikamchukua mtoto wake wa nne, aliyekuwa bado ananyonya. Hafsi aliujua msiba huo, maana alikuwa miongoni mwa walioibeba ile maiti ndogo.

Asubuhi ile jirani yao Zuheri, mtu wa huruma, alikuwa amemwambia Lubaba, "Shemeji, akiitwa Jundabu nitaitika mimi. Macho ya Sheikh hayaoni vizuri siku hizi, hatajua."

Lubaba akakataa. "La, shemeji yangu. Mume wangu yuko kule kwa ukweli. Sitawalisha wanawe uongo siku ya Idi."

Basi jina likaitwa. "Jundabu bin Hilali!" Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lubaba akasogea mbele.

"Hayupo, Sheikh. Yuko mlimani anakulinda wewe. Lakini nyumba yake ipo, na wenye njaa wamo ndani."

"Bibi, desturi ni desturi," akasema khatibu. "Fungu ni la aliyepo. Subiri. Allah yu pamoja na wanaosubiri."

Loo! Kumnyima mtu nyama na kumshindilia aya badala yake! Lubaba alilikunja kapu lake akageuka kuondoka.

Wakati huo Hafsi alikuwa amemlaza kondoo wa khatibu mwenyewe, kisu kiko tayari, na mkono ukakataa. Idi iliyopita aliyaona haya haya akajiambia, mimi ni wa kisu tu, kugawa si kazi yangu. Safari hii alimwachia kondoo, na kondoo akainuka akakimbia akilia kati ya safu.

"Enyi watu," akasema Hafsi, "mwaka juzi ngoma ya vita ililia, na majina yakaitwa papa hapa. Sheikh Mughira, una wana watano wazima. Waliitwa mara tatu tatu. Nani aliitika?"

Hafsi akakiinua kisu chake.

"Na mimi niliitwa. Nilikuwa nyuma ya ukuta ule, nimekishika kisu hiki hiki, nikijisingizia kuwa mji utakosa mchinjaji. Wallahi niliogopa kufa! Aliyesema 'nipo' mahali pangu ni Jundabu, na mkewe alikuwa na mimba ya yule mtoto tuliyemzika. Basi desturi na iwe desturi. Mnasema fungu ni la aliyeitika. Siku ile aliitika nani?"

Akalichukua fungu lake mwenyewe akamwendea Lubaba, uso chini kwa haya. Lubaba akamwuliza:

"Ulilijua hili, na Idi iliyopita ukala?"

"Nilikula."

"Basi libebe mwenyewe mpaka nyumbani, ukamwambie mama yake Jundabu."

Akalibeba. Nyuma yake Zuheri akabeba la kwake, kisha mwingine, kisha wengi, kila mmoja akielekea mlango wa askari. Khatibu akabaki anamtafuta kondoo. Yule mama kipofu alimsikiliza Hafsi mpaka mwisho, akamwambia, "Kaa ule." Hafsi akakaa, akalia.

Tangu hapo, wasema wasimulizi, majina ya walioko mpakani yaliitwa kwanza, na uwanja mzima ukaitika, "Yupo!", na fungu la kila mmoja likapelekwa mlangoni kwake kabla mtu hajagusa la kwake.

Enyi waumini, tunawaombea walio mbali huku milango yao iko hatua ishirini kutoka kwetu, na sufuria zetu zimejaa. Hiyo ni kumrudishia Mola kazi aliyotupa sisi. Na iko siku tutaitwa sote, jina na jina la baba, na siku hiyo hakuna Jundabu wa kuitika mahali petu.