Unyayo Juu ya Chungu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na wagonjwa wao, hakuna dawa iliyotolewa kabla ya kuonjwa. Waonjaji walikuwa wawili, Tembo na Kiboko. Kazi yao ilikuwa kufungua chungu, kunywa, kusubiri hadi jua litue, kisha kukifunika tena kwa udongo mbichi na kutia unyayo. Dawa yenye nyayo mbili ilinywewa bila swali.

Mwanaheri, mke wa Pimbi, alikunywa dawa yenye nyayo mbili. Hakuiona asubuhi.

Pimbi hakupiga kelele. Matanga yalipokwisha alikwenda kumuuliza Tembo dawa ile ilikuwa na ladha gani. Tembo akasema ilikuwa tamu. Akamfuata Kiboko mtoni, naye akasema ilikuwa na ukakasi. Pimbi akashukuru, akarudi nyumbani. Kata ya Mwanaheri ilikuwa bado juu ya mtungi.

Siku hizo mtoto wa Swala alikuwa hoi kwa homa. Pimbi akamwita jirani yake Ngiri, akaingia ndani ya chungu kikubwa, akamwagiza akifunike kwa majani na udongo mbichi.

"Wakikifungua je?" aliuliza Ngiri.

"Wakikifungua, nitawaomba radhi."

Ngiri akakibeba. Pimbi, akipumulia kitundu cha ubavuni, alimsikia Tembo akiuliza ni dawa ya nani. Ngiri akajibu kama alivyoagizwa, kwamba ni ya Nyani, mganga mkuu. Tembo akasema ya Nyani haihitaji kuonjwa. Puu! Unyayo. Kiboko yeye aliuliza tu kama Tembo ameshatia wake.

"Kama kaka ametia, mimi ni nani?" Puu!

Chungu kikapelekwa nyumbani kwa Swala, na wanyama wakakusanyika. Mama alikuwa amempakata mtoto wake.

"Wazee wangu, mmeionja kweli? Sina mwingine."

"Tumeinywa, mama," alisema Tembo. "Ina ukali kidogo, ila inashusha homa."

"Mimi ilinipa usingizi mzuri," alisema Kiboko.

Ngiri akavunja udongo. Pimbi akasimama chunguni, vumbi masikioni.

"Shikamooni, wazee. Ni mimi mliyeninywa."

Fisi akaanza kucheka, akauona uso wa Pimbi, akanyamaza.

"Na ile ya Mwanaheri mliionja hivihivi," alisema Pimbi.

Tembo akainamisha mkonga.

Dawa yenyewe ya mtoto ikaletwa, na aliyeipika hakutajwa. Safari hii walikunywa mbele ya mama, kila mmoja peke yake, asisikie mwenzake amesema nini. Pimbi alikunywa wa kwanza, akaketi karibu na Swala kusubiri jua litue. Lilipotua alikuwa mzima, na ndipo mtoto akapewa.

Tangu hapo waonjaji wakawa watatu. Wanangu, asiyeonja asitie unyayo.