Binti Sultani Aliyefunga Mvua

Katika mji wa Tandamani alitawala Sultani Faruki bin Sinani, na nchi yake ilikuwa na nyika, msitu na mlima wenye theluji, na hali ya hewa ya huko, wallahi, haikuwa na adabu: asubuhi jua, adhuhuri mvua ya mawe. Na binti yake wa pekee, Ruzuna, alijivunia kwamba hakuna njia asiyoijua.

Siku moja Sultani akamwambia, "Mwanangu, Sultani Luqmani wa Ramlia anakuja, nawe utamtembeza. Ukimtunza vyema, kiti cha enzi ni chako. Akilowa, kiti atakirithi ami yako. Wajua mila yetu: mgeni kulowa ni aibu ya mwenyeji."

"Labeka, baba."

Ruzuna akapanga safari: nyikani alfajiri kabla upepo haujaamsha vumbi, msituni jua likiwa kali, na katika pango la mlimani akatanguliza kuni kavu na mablanketi. Lakini hofu ikamshinda, akaisugua pete ya marehemu mama yake, na akatoka Zimrani, jini mtumwa wa pete.

"Ifunge mvua mpaka mgeni aondoke," akaamuru, na ikafungwa.

Nyikani mgeni akasema, "Mashallah." Msituni akasema, "Mashallah," kwa sauti ndogo zaidi. Mlimani wakakuta maporomoko yamekauka, na mgeni akapiga miayo.

"Bwana wangu, kuna lililokukera?"

"Hasha, binti Sultani. Ila jua kwetu tunalo tele. Nimevuka jangwa ili niione mvua, kwani tangu nizaliwe sijapata kuiona."

Ruzuna akaona haya kubwa, kwa kuwa ameificha nchi yake kama mtu afichavyo kilema.

"Zimrani! Ifungue yote!"

"Bibi yangu, atalowa. Na kiti je?"

"Nchi ninayoionea haya sistahili kuitawala. Ifungue!"

Ikaja radi, na mvua, na mawe ya barafu, na maporomoko yakanguruma, na Sultani Luqmani akavua kilemba akacheka huku akilia, akalowa chapachapa. Alipoanza kutetemeka, Ruzuna akamwingiza pangoni kwenye moto, na moyo wake ukajaa fahari.

Waliporudi mjini mvua ingali ikinyesha, Sultani Faruki akashika kichwa. "Aibu gani hii!"

"Usihuzunike, ndugu yangu," akasema Luqmani. "Masultani wote wamenionyesha majumba yao, na binti yako kanionyesha mbingu yake. Naomba kumposa."

Faruki akamgeukia bintiye. "Mgeni karidhika, hapana aibu; kiti ni chako. Na posa hii, wasemaje?"

"Nakubali, ila mimi sihami. Atahamia yeye."

Luqmani akaridhia kabla nguo hazijakauka, na dhahabu ya Ramlia ikaja kwa misafara, na wakaoana siku ya mvua kubwa, wageni wote wakalowa wala hapana aliyeomba radhi. Afichaye kwao humnyima mgeni alichokifuata.