Ndama wa Jino la Lwitiko

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka jana tu wakati wa mahindi mabichi, palikuwa na kijana aliyesomea meno ya watu huku la kwake likimwozea mdomoni. Unabisha? Bisha. Anayenibishia mimi simjibu. Namwambia aende akaangalie kovu lililoko shingoni mwa Lwitiko, kisha arudi aniombe radhi na soda mkononi.

Lwitiko alikuwa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja cha afya, huko kwenye baridi, wanakofundishwa kutuponya sisi tulioliacha darasa mapema. Na ni watu wa afya kweli! Asubuhi wanafundishwa mlo kamili, mchana wanakula chipsi. Wanafanya mtihani kuhusu faida za usingizi, na hakuna aliyelala. Koti jeupe, kifua mbele, mfukoni sigara. Ukiwaona tu unaazimia usiugue.

Basi jino likaanza. Gego la chini, kushoto. Lwitiko alilijua kwa jina lake la kitabuni, akaujua ugonjwa wake, akaijua na tiba yake: ling'olewe. Kliniki ya meno ilikuwa hapo hapo chuoni, na mwanafunzi anatibiwa bure. Mbona hakwenda? Kwa sababu wanaong'oa pale ni wanafunzi, tena wa darasa lake. Alimjua aliyedondosha koleo kwenye mtihani wa vitendo. Alimjua aliyejichoma sindano ya ganzi kwenye kidole chake mwenyewe.

"Wale?" alisema, mkono shavuni. "Wale nimewafundisha mimi kuibia majibu. Siwafungulii mdomo."

Kitanda cha juu yake alilala Zephania, msomi wa famasia. Huyu alitunza kopo la chumba. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa vidonge vya kila rangi, masalia ya kila aliyewahi kuumwa pale bwenini. Ukiumwa unachota. Ukipata nafuu unarudisha vilivyobaki, wenzio nao wasikose. Upendo ulioje!

"Kaka, hili dogo," Zephania akasema. "Meza viwili asubuhi, viwili jioni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka usisikie maumivu. Vingine virudi koponi, usiwe mchoyo."

Vidonge vikatoka, maumivu yakapoa, vidonge vikarudi. Jino likaamka. Vidonge vikatoka, maumivu yakapoa, vidonge vikarudi. Jino likaamka tena, safari hii limekasirika.

Siku hiyo Lwitiko akavaa ndala, akasema liwalo na liwe, naenda kliniki. Mlangoni akakutana na Hamdani, wa kitanda cha pembeni. Hamdani alisomea kunyoosha viungo vya watu, na alikuwa na kifua kama kabati, kwa kunyanyua makopo aliyoyajaza zege.

"Wapi?"

"Kliniki. Jino."

"Jino? Mwanaume mzima? Mimi tangu nizaliwe sijameza hata kidonge! Rudi ndani, piga pushapu, damu izunguke."

"Pushapu kwa jino?"

"Kwani jino halina damu?"

Na Lwitiko, aliyeongoza darasa zima kwenye somo la mwili wa binadamu, akalala chini akapiga pushapu. Msimwonee huruma. Moyoni alifurahi kuzuiwa.

Kesho yake darasani shavu likavimba, jicho likawa kama tundu la kifungo. Mwanaidi, aliyekaa mbele yake, akageuka.

"We Lwitiko! Umeficha andazi?"

"Niache, dada."

"Tabasamu kidogo tu." Akampiga picha. Kabla kipindi hakijaisha, stika ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la darasa: shavu la Lwitiko, na chini yake maneno "Nimeshiba, asanteni." Watu wakacheka mpaka machozi. Hata mimi iliponifikia niliicheka, nikaituma mbele.

Lwitiko akaondoka kwa aibu, akaenda kujilaza chumbani. Mchana mate yakagoma kushuka. Akaweka taulo chini ya kidevu. Akajaribu kuita msaada, ikatoka sauti ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Shingo nayo ikaanza kujaa.

Simu ikalia. Akaitazama. Shavu lake, vicheko, shavu lake, vicheko. Halafu akaandika mtu ambaye hajawahi kuandika mle hata siku moja, mpaka wakasahau kwamba yumo. Dokta Kibona, mwalimu wao wa meno.

"Huyu ni nani? Anaweza kumeza mate? Mleteni hospitali sasa hivi. Msimlaze chali."

Hapo Lwitiko akaogopa. Maisha yake yote aliogopa koleo. Sasa akaogopa pumzi, maana aliivuta ikaja nusu, akaivuta tena ikaja robo. Akamfikiria baba yake kule Tukuyu, anayewaambia watu mwanangu ni daktari.

Hamdani akaingia anatoka jasho la mazoezi. Lwitiko akamnyooshea simu, Hamdani akausoma ujumbe wa Dokta. Akambeba mgongoni, wima, akashuka naye ngazi zote, akakatiza katikati ya uwanja wa mpira watu wakicheza. Golikipa alitukana. Mwamuzi akapiga filimbi. Hamdani hakusimama mpaka mlango wa hospitali.

Wakampasua shingo, usaha ukatoka, jino likang'olewa. "Mngechelewa kidogo koo lingeziba," Dokta Kibona akasema.

Zephania akachungulia mlangoni. "Dokta, na vile vidonge?"

Dokta akashusha pumzi. "Vilimpa muda wa kuishi. Na vilitufichia ugonjwa. Yote mawili."

Wiki iliyofuata akashuka chuoni Mzee Mwakalobo, baba yake Lwitiko, kutoka kwenye lori la ndizi. Nyuma yake akashuka ndama jike, mweupe, mwenye baka jeusi begani.

"Wanangu," akasema, "asante ya mdomo hainitoshi. Ndama huyu ni wa aliyemwokoa mtoto wangu. Ni mmoja, simgawanyi. Dokta amekataa, anasema yeye analipwa mshahara. Lwitiko, uliyekuwa unakufa ni wewe. Mtaje."

Zephania akawahi. "Mzee wangu, bila vidonge vyangu huyu angekufa mapema, hata stika isingemkuta hai."

"Vidonge vilivyomwambia amepona?" Mwanaidi akadakia. "Baba, hawa wawili walimwona kila siku, hawakuona kitu. Bila picha yangu Dokta angejuaje? Leo mngekuwa mnachanga rambirambi."

"Ulimpiga picha ili umtibu?" Hamdani akauliza. "Ulimpiga ili umcheke! Baba, mimi ndiye niliyembeba. Ujumbe hauna miguu."

"Na nani alimrudisha akiwa ameshavaa ndala?" Zephania akamuuliza.

Hamdani akatazama mikono yake.

Lwitiko akawatazama mmoja mmoja. Akimtaja Zephania, atalalaje chumba kimoja na Hamdani? Akimtaja Hamdani, Mwanaidi atamtengenezea stika gani? Akimtaja Mwanaidi, aliyemcheka, hao wawili watamwita nani? Akasema bandeji inamkaza. Mzee akampa muda mpaka siku ya mahafali, akapanda lori akaondoka. Tangu siku hiyo wale watatu hawasalimiani, na kila mmoja anamletea Lwitiko uji.

Je, ninyi mngemtaja nani? Aliyempa muda, aliyemcheka, au aliyembeba?

Tulieni, kuna sehemu sijaisema. Mzee hakuondoka na ndama. Alimwacha kwa mkaanga chipsi wa nje ya geti, nyuma ya banda, anakula maganda ya viazi na ananenepa vizuri. Mkaanga chipsi ni mimi. Na mzee alisema wazi, Lwitiko asipomtaja mtu mpaka mahafali, ndama abaki kwa anayemlisha. Ndiyo maana Zephania akija kununua chipsi namwambia haki ni yake. Hamdani namwambia ni yake. Mwanaidi namwongezea na kachumbari. Na Lwitiko akija kuniomba ushauri, namwambia asiharakishe, afikirie vizuri.

Haya, bishaneni, tena kwa sauti: ndama ni wa nani?