Usichomoe Spika Valvu Ikiwaka

Usichomoe spika valvu ikiwaka. Mmeyasikia kwa seremala kule matangani, mkadhani ni maneno ya mafundi redio. La, wajukuu zangu. Aliyechomoa ni mimi, Nyamizi, basi kaeni niwaeleze yalikotoka, maana wengine huyasimulia kwa kuongeza chumvi.

Hapa Isevya, Tabora, tulikuwa na bendi ya dansi. Mimi nikiimba, babu yenu Mihayo akipiga ngoma. Amplifaya yetu ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka nyekundu kama makaa. Fundi Kapela aliiunda kwa mikono yake, na mji mzima haikuwa na ndugu. Nyuma ilikuwa na matundu matatu yaliyoandikwa nne, nane na kumi na sita. Kapela hakuunganisha spika bila kuupima ukinzani wake, yaani mzigo inaoibebesha amplifaya. Spika ya nane, tundu la nane. "Mzigo ukizidi, inaelemewa," alizoea kusema. "Ukikosekana kabisa, inajiunguza." Sisi tulimwitikia tu, ndiyo Fundi, ndiyo Fundi, tukaendelea na nyimbo zetu.

Kisha Mihayo akafariki kwa homa ya siku nne, akaniacha na mama yenu mchanga. Watu walinipenda, sitawasingizia. Mawifi walininyang'anya mchi, wakaninyang'anya jembe, hata mtoto wakambeba wao, mimi nikipewa anyonye tu. Bendi nao wakanikataza kuimba. Kila mtu neno lake lilikuwa moja: pumzika. Nikapumzika mpaka nguo zikanipwaya na usingizi ukanikimbia. Arobaini ilipopita nikawa nakwenda mazoezini kukaa tu kwenye benchi, kando ya spika.

Alhamisi moja tulikuwa na harusi ya kupigia Jumamosi. Kapela alikuwa ametoka kununua risasi ya kuchomelea nyaya. Mpiga gita wetu, Mlekwa, alikuwa peke yake akijaribisha nyuzi, barabara ameipa mgongo. Nikaona jeneza linakuja. Kwetu maiti akipita muziki hunyamaza, hilo halihitaji kuambiwa. Nikarukia waya wa spika nikauchomoa. Moyoni nilijiambia, na amplifaya nayo ipumzike kidogo, maskini.

Mlekwa hakuwa ameona jeneza. Aliona gita limekufa ghafla, akafungulia sauti hadi mwisho, akazicharaza nyuzi kwa hasira. Spika kimya. Ndani ya amplifaya pakalia tatata, ukatoka moshi wenye harufu ya lami. Kapela aliingia mbio akaizima, lakini transfoma inayopeleka nguvu kwenye spika ilikuwa imekwisha kuungua.

"Nani kachomoa?"

"Mimi, Fundi," nilisema. "Nilidhani naipumzisha."

Nilingoja matusi, nayo yangekuwa haki yangu. Badala yake alinitazama, akaitazama mikono yangu.

"Nani anakutwangia siku hizi?"

"Mawifi."

"Mtoto anabebwa na nani?"

"Mawifi."

"Na kuimba je?"

Mlekwa akadakia, "Tumemwambia apumzike, Fundi. Shemeji ana majonzi."

"Valvu yake bado inawaka, nanyi mmemchomolea spika zote," Kapela alisema. "Hiyo nguvu mnadhani inakwenda wapi?"

Mimi nililia, na tangu mazishi sikuwa nimelia.

"Shemeji, kesho asubuhi uje na mwanao mgongoni," akaniambia. "Transfoma tunaisuka upya, na utakayeisuka ni wewe."

Waya wa transfoma ulikuwa mwembamba kama unywele, mizunguko elfu mbili na mia nne. Nilipofika mia tisa ukakatika, nikaanza upya, mama yenu akinivuta masikio. Kapela hakunisaidia hata mzunguko mmoja. Alikaa mlangoni akitengeneza redio za watu. Nilirudi nyumbani nimechoka, nikala ugali wote, nikalala mpaka jogoo. Wifi yangu mkubwa, Kalunde, aliponiona hivyo alinirudishia mchi mwenyewe, akicheka na machozi yakimtoka.

Jumamosi Kapela aliipima spika, akaichomeka tundu la nane, akawasha. Amplifaya ikaitika. Niliimba nyimbo tatu sauti ikikwaruza, na maharusi wakacheza zote.

Kapela tulimzika miaka mingi iliyopita, na hadi leo nikimtaja namwombea. Wengine walinipa pole, yeye akanipa kazi, na ndiyo iliyonirudisha. Si kwamba mtu mwenye msiba abebeshwe mlima. Mpimeni kwanza, mmpe mzigo unaomfaa. Lakini msimwache mikono mitupu mkasema mnampenda. Usichomoe spika valvu ikiwaka.