Kwa Nini Kweche Huvua Koti Lake Jekundu

Zamani hizo viumbe walijuana kwa sura tu. Ukitaka kumwita mwenzako unasema, "Wewe wa pale mtoni," naye anageuka. Hakuna aliyekuwa ameandikwa popote. Na Kweche, huyu ndege mdogo wa mashamba ya mpunga, alivaa koti lake jekundu mwaka mzima, masika na kiangazi, na kizibao cheusi kwa ndani. Siku hizi sivyo. Nitawaambia kwa nini, ingawa si habari ya kujivunia, maana hata sisi watu tulikuwepo siku ile, na hatukufanya vizuri.

Kweche alikuwa na mke, jina lake Siwema. Siwema alivaa kahawia yenye michirizi, rangi ya majani makavu, kama wanawake wote wa kwao. Nyumba yao ilikuwa kwenye matete. Kweche alisuka kuta, maana kwao kusuka ni kazi ya mume, na Siwema akatandika maua laini ya nyasi ndani. Mayai matatu yalikuwa tayari yamelala humo, ya rangi ya samawati. Lililobaki ni paa tu.

Hapo ndipo Karani alipokuja. Mnamjua, yule ndege mrefu wa nyikani, mwenye manyoya yaliyochomoza kisogoni kama kalamu. Karani alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, na aliyejifunza ukubwani hana subira. Kila akionacho anataka kukiandika. Mimi mwenyewe nilipomaliza kisomo nilisoma mpaka mifuko ya mbolea, kwa sauti, watu wakanikimbia. Basi Karani akatangaza kwamba kila chenye uhai kitaandikwa kitabuni, ukoo kwa ukoo, na kila ukoo utapewa mahali pake pa kukaa, asikae humo wa ukoo mwingine.

Jambo lenyewe lilikuwa jema. Ila Karani alitazama nguo tu. Wekundu mstari mmoja, wa kahawia mstari wao. Kiwavi akamtenga na Kipepeo, mtoto na mama yake, kwa sababu mmoja ana mabawa na mwingine hana. Hakuna aliyembishia, maana yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Kweche akapangwa kati ya Keremkerem na Chozi, ndege wekundu wenzake, kifua mbele. Siwema akaja akasimama nyuma yake, kama mke yeyote angefanya. Keremkerem akageuka, akamwangalia kuanzia kichwani mpaka kucha.

"He! Na hili tambara la jikoni limefuata nini kwa wenye nguo zao?"

Mstari mzima ukacheka. Watu nao, waliokuwa wamepangwa ng'ambo, wakacheka. Wanasema sisi ndio tuliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Karani akainua kalamu. "Kweche, huyu ni wako?"

Lilikuwa neno moja tu la kujibu. Kweche akatazama miguu yake, akasikia kicheko hakijaisha, akasema, "Simjui, bwana. Labda ni kibarua wa huko mashambani."

Siwema hakulia. Akasema, "Haya, mume wa watu," akaenda mwenyewe kwenye mstari wa kahawia, wa Shomoro.

Wekundu wakapewa miti ya mlimani. Shomoro wakapewa mapaa ya nyumba za watu, lakini Siwema akarudi kwenye matete kwa siri, maana mayai hayatembei. Mvua ikaja siku hiyo hiyo. Ilinyesha siku tatu. Kule mlimani Kweche alikaa kwenye tawi zuri, akiyasikia maji yakishuka bondeni, na kila alipotaka kuruka alikumbuka yale macho ya Keremkerem, akatulia. Siwema hakujua kusuka paa. Alitandaza mabawa yake, yakafunika mayai mawili vizuri. La tatu, la pembeni, lilifikiwa na maji likapoa.

Mvua ilipokatika, Karani akapita na kitabu chake kuandika wakazi wa matete. Akakuta makinda mawili ya kahawia na mama yao. Akawaita Shomoro wachukue watoto wao.

"Hao si wetu, bwana," wakasema Shomoro. "Sisi huwa tunarundika majani tu. Hebu tazama ukuta huo. Nani kwetu anaweza kusuka hivyo?"

Karani akautazama ukuta. Fundi wa ule msuko alikuwa mmoja tu bonde zima. Akawaita wote kwenye matete, wekundu, wa kahawia na watu. Kweche alifika wa mwisho. Alipofika aliliona lile yai la tatu, Siwema ameliweka mlangoni.

Karani akauliza tena, ila safari hii kwa sauti ya chini. "Kweche, huyu ni wako?"

"Ni mke wangu. Na hawa ni wangu. Na hili..."

Akaanza kuvua koti lake hapo hapo, unyoya mmoja mmoja, mbele ya kila mtu. Akavua na kizibao. Na chini yake alikuwa wa kahawia yenye michirizi, sawasawa na Siwema. Hakuna aliyecheka. Watu walitazama chini, na kila mtu alitamani mwenzake ndiye awe aliyecheka.

Karani, ambaye hajawahi kuonekana amekaa, alikaa kwenye tope. "Nimeandika nguo," akasema. "Kitabu kizima nimeandika nguo."

Akachana kurasa zote. Akaanza upya, akimuuliza kila mmoja: nani alikuzaa, unazaa na nani, nyumba yako unajengaje? Kiwavi akarudishwa kwa mama yake. Na kila kiumbe akampa majina mawili, la ukoo mbele na la kwake nyuma, ili mtu asiweze kutajwa kabla ya jamaa zake. Nimeyaona majina hayo kitabuni, nimeyasoma mwenyewe, yako hivyo mpaka leo.

Kweche alisuka paa jioni ile. Siwema akamwambia, "Koti lako sijawahi kulichukia. Livae unapojenga, watoto wamjue fundi wao. Kazi ikiisha, livue ukae na sisi."

Na tangu siku hiyo, wanaoandika viumbe hawaridhiki na nguo, huuliza kwanza kuhusu kuzaa. Na Kweche huvaa nyekundu wakati wa mvua tu, anaposuka. Mpunga ukishavunwa hulivua koti, na ukipita kwenye mabua utakuta kundi zima la kahawia linadonoa chini, na hata ukitazama vipi hutajua yupi ni mume, yupi ni mke, wala yupi aliyemkana mwenzake.